Kutoka medali hadi malipo, nani humvusha bondia?

Katika nchi yetu, kijana akijaliwa mabega mapana na mikono mirefu, watu hawakawii kumtabiria kazi. Akiwa darasa la sita huitwa Tyson. Akiingia shule ya upili huulizwa ataanza lini kupigana. Ni nadra kumsikia mtu akimwuliza kama anaipenda hesabu, au kama amemaliza kusoma riwaya iliyoteuliwa kwa mtihani. Mwili wake umekwisha kumsemea, naye, kwa kuwa ni kijana na sifa ni tamu, huanza kuusadiki.

Mimi ni mwalimu katika sehemu za Kona Baridi, pale barabara ya Magadi inapovipa kisogo vilima vya Ngong na kuanza kuteremkia Bonde la Ufa. (Wageni hudhani jina hilo ni mzaha mpaka wasimame hapo asubuhi moja ya mwezi wa Julai.) Zamani kijana wa Kajiado aliyetaka riziki aliitafuta kwa mifugo. Siku hizi wako wanaoitafuta kwa ngumi, na katika miji inayopanuka kama Kitengela hakosekani mtu mwenye mfuko wa mchanga uliotundikwa na jozi mbili za glavu zilizochakaa. Sitaki leo kurejea ule ubishi wa zamani, kama ndondi ni mchezo au ni ukatili. Ninalotaka kuwauliza walimu wenzangu, na wanafunzi watakaousoma ukurasa huu, ni hili: siku bondia anapotoka katika ndondi za ridhaa na kuingia katika ndondi za malipo, ni nani anayemshika mkono?

Wengi wetu huichukulia hatua hiyo kama mtu kupanda kidato. Mchezo ni ule ule, tunadhani, ila umeongezwa fedha. Sivyo hata kidogo. Bondia wa ridhaa hupigana raundi tatu, za dakika tatu kila moja. Huchezea klabu au kikosi, na hapa Kenya aghalabu huwa askari wa Polisi, wa Magereza au wa jeshi. Ashinde ashindwe, mwisho wa mwezi mshahara wake huja. Akivunjika mkono ana mwajiri. Yule wa malipo hupigana hata raundi kumi na mbili, na hana kikosi wala mwisho wa mwezi. Riziki yake ni ya usiku ule wa pambano, na kabla haijamfikia huwa imepita mikononi mwa promota, meneja na mkufunzi. Hizi ni kazi mbili zinazofanana kwa vazi tu.

Mfano tulio nao hauhitaji kutafutwa mbali. Robert Napunyi Wangila alizaliwa mwaka 1967, akajifunza ndondi Nairobi katika klabu ya Dallas huko Muthurwa. Mwaka 1988, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Seoul, aliingia fainali ya uzani wa welter, yaani kilo 67, akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili. Majaji hawakupata kazi ya kuhesabu pointi. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Na baada ya dhahabu zote ambazo wanariadha wetu wametuletea tangu enzi za Kipchoge Keino hadi Michezo ya Paris ya 2024, ile ya Wangila ndiyo peke yake iliyopatikana nje ya riadha.

Mwaka uliofuata aliingia ndondi za malipo, akahamia Marekani na kufanya makao yake Las Vegas. Huko alipigana mara 27, akashinda mara 22. Kwa mtu wa kawaida hizo ni hesabu nzuri. Kwa bingwa wa Olimpiki, ambaye mapromota walimtarajia awe bingwa wa dunia, zilikuwa hesabu za mtu anayeteleza polepole. Tarehe 22 Julai 1994 alipambana na David Gonzalez. Katika raundi ya tisa refa Joe Cortez aliona yametosha, akalisimamisha pambano. Wangila alilalamika kwamba amesimamishwa mapema. Muda mfupi baadaye, akiwa katika chumba cha kubadilishia nguo, alianguka na kupoteza fahamu. Alifariki tarehe 24 Julai. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Nimewahi kukisimulia kisa hiki darasani, na kila mara wanafunzi huuliza jambo moja: mtu ambaye ubongo wake unavuja damu anawezaje kulalamika kwamba amekatizwa? Daktari atawapa jibu la kitabibu, nami silikatai. Lakini mimi huyasikia malalamiko yale kwa sikio jingine. Bondia wa malipo anayeshindwa leo hupungua bei kesho. Hakuna mwajiri atakayesema, basi pumzika, mshahara wako uko pale pale. Wangila wa Seoul, kama angesimamishwa na refa, angerudi kwenye timu na wenzake wangemfuta jasho. Wangila wa Las Vegas alikuwa akiitetea biashara ambayo bidhaa yake ilikuwa kichwa chake mwenyewe.

Na yule Boudouani aliyelazwa chini Seoul? Alirudi kwao Ufaransa, akaingia ndondi za malipo, akajengwa taratibu katika kumbi za nchi yake. Mwaka 1996 akawa bingwa wa dunia wa chama cha WBA katika uzani ulio juu kidogo ya ule wa Olimpiki, akaushikilia ubingwa huo hadi 1999. Sisemi kwamba Wangila angekuwa bingwa kama angezaliwa Ufaransa. Ngumi haina hati ya kusafiria. Nasema tu kwamba siku ile ulingoni Seoul, mwenye dhahabu na mwenye fedha hawakuwa wakisubiriwa na watu wa namna moja huko nje.

Vijana wetu, hata hivyo, hawaoti kilo 67. Wanaota uzani wa juu, wenye majina makubwa na fedha za kutisha. Basi tumtazame aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Muhammad Ali, wakati huo akiitwa Cassius Clay, alipata dhahabu Roma mwaka 1960 akiwa na miaka 18, katika uzani wa light-heavy. Mwezi Oktoba mwaka huo huo akapigana pambano lake la kwanza la malipo, mpinzani wake akiwa mkuu wa polisi wa mji mdogo ambaye alipigana kama kazi ya ziada. Watu hukumbuka maneno yake mengi na miguu yake myepesi. Wachache hukumbuka karatasi aliyotia sahihi siku chache kabla ya pambano lile.

Matajiri kumi na mmoja wa mji wake wa Louisville walikuwa wameunda kikundi cha kumdhamini kwa miaka sita. Walimpa dola 10,000 za kuanzia, wakalipia mazoezi na safari, na mapato yakagawanywa nusu kwa nusu. Tena asilimia 15 ya mapato yake iliwekwa katika akiba asiyoruhusiwa kuigusa mpaka afike miaka 35 au astaafu. Hawakuwa malaika, nusu ya jasho la mtu si sadaka. Lakini mtu alikuwa ameketi chini akafikiria siku ambayo kijana yule wa miaka 18 hangekuwa tena na miaka 18. Nimeisoma habari ya akiba ile mara nyingi, na kila mara huitazama kwa kijicho kidogo kwa niaba ya mabondia wetu.

Haki inataka niseme upande wa pili pia. Karatasi ile ilimlinda mfuko tu. Ali alipigana mapambano 61, akashindwa matano, na mawili kati ya hayo yalikuwa ya mwisho, mwaka 1980 na 1981, wakati ambapo kila mwenye macho aliona kwamba amechoka. Mwaka 1984 madaktari walimgundua na ugonjwa wa Parkinson, akaishi nao hadi alipofariki mwaka 2016. Hakuna mkataba ulioandikwa ambao ungeweza kumrudishia ulimi wake ule.

Ali huyo aliwahi kufika Nairobi, na ziara yake inahusiana na mabondia wetu kuliko wengi wanavyojua. Mwezi Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Afrika kuzishawishi serikali zisipeleke timu kwenye Olimpiki ya Moscow. Dar es Salaam Mwalimu Nyerere alikataa kumwona. Kenya ilikuwa katika upande wa kususia, na timu yetu ikabaki nyumbani kwa mara ya pili mfululizo, maana mwaka 1976 tulikuwa tumesusia Montreal pamoja na nchi nyingine za Afrika. Aliyeumia zaidi, kwa maoni yangu, ni Stephen Muchoki. Mtu huyu mdogo wa umbo alikuwa ametwaa dhahabu za Jumuiya ya Madola mwaka 1974 na 1978, na mwaka huo wa 1978 akawa bingwa wa dunia wa ridhaa kule Belgrade. Olimpiki mbili zilipita akiwa katika ubora wake, na hakukanyaga hata moja. Akaingia ndondi za malipo bila medali ya Olimpiki ya kumpandisha bei, na mwaka 1982 alipopata nafasi ya kuwania ubingwa wa dunia mjini Copenhagen, alishindwa na Santos Laciar wa Argentina. Jirani zetu wa Uganda walikwenda Moscow. John Mugabi akarudi na fedha, na medali hiyo ikamfungulia mlango wa kumbi kubwa za Ulaya na Marekani, hata akawa bingwa wa dunia wa WBC mwaka 1989.

Sasa nije nyumbani. Shuleni kwetu tuna kijana wa kidato cha tatu ambaye, alipopimwa kwenye mizani ya duka la dawa za mifugo, alikuwa na kilo 93. Ni mpole, hucheka kwa aibu, na insha zake za Kiswahili huwa nzuri akiamua kuzimaliza. Kwa muda alikuwa akienda Kitengela kila Jumamosi, akipanda matatu ya Kiserian kisha akishika barabara ya Isinya, kufanya mazoezi ya ndondi. Muhula uliopita alinijia na karatasi mbili zilizopigwa chapa kwa Kiingereza. Bwana mmoja alimwambia aache shule, kwa kuwa mapambano manne yalikuwa tayari yanamsubiri, na umri wa bondia haumsubiri mtu.

Niliisoma karatasi ile nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Mkataba ulikuwa wa miaka saba. Asilimia 40 ya kila pato ilikuwa ya meneja. Gharama za mazoezi, usafiri, chakula na matibabu zingetolewa katika fungu la bondia, si katika lile la meneja. Palikuwa na kipengele cha meneja kuuvunja mkataba wakati wowote; cha bondia kuuvunja hakikuwepo. Mwishoni paliachwa nafasi ya sahihi ya mzazi, kwa sababu kijana ana miaka 17 na mwenye karatasi aliijua sheria kwa kiasi hicho.

Baba yake alikuja shuleni. Ni mzee wa mifugo, na Kiingereza hakukipitia. Nikamweleza kipengele kimoja kimoja kwa Kiswahili, naye akasikiliza ameegemea fimbo yake, asinikatize. Nilipomaliza akaniuliza:

“Mwalimu, mtoto akipigwa akaumia, hiyo karatasi inasema nani atauza ng'ombe?”

“Inasema wewe, mzee.”

“Na akishinda?”

“Akishinda, yule bwana atachukua kwanza.”

Alikaa kimya, kisha akasema kwamba hata dalali wa mnadani humwachia mtu nauli ya kurudi nyumbani. Hakutia sahihi. Kijana aliudhika, na kwa wiki mbili hakunisalimu ila kwa lazima. Simlaumu. Mtu mzima aliyesimama kati ya kijana na ndoto yake hafai kutarajia shukrani mara moja.

Lipo jambo nililomweleza baadaye, hasira ilipopoa, ambalo naona halijulikani vya kutosha. Katika ndondi mizani ndiyo mlinzi wa kwanza. Wangila aliyepigana na kilo 67 alijua kwamba mpinzani wake pia ana 67 au karibu na hapo. Uzani wa juu hauna dari. Katika ndondi za malipo mtu akipita kilo 90 na nukta chache, amekwisha kuingia katika chumba ambamo mwenzake anaweza kuwa na 100, au 115, au zaidi ya 120. Kijana wetu mwenye 93 anaonekana jitu hapa Kona Baridi. Katika chumba hicho ni mtu mdogo. Chama cha WBC chenyewe kiliona tatizo hili, na mwaka 2020 kikaanzisha uzani mpya wa kati, unaoishia karibu na kilo 101, ingawa vyama vingine havikukimbilia kumfuata. Katika ndondi za ridhaa walau wameuweka mpaka: kwenye Olimpiki ya Tokyo, waliopita kilo 91 walikuwa na daraja lao peke yao.

Na Tokyo ilitupa kioo. Kenya ilipeleka mabondia wanne kule mwaka 2021, na mmoja wao, Elly Ajowi, alikuwa wa uzani wa juu, yaani wa kufikia kilo 91. Ajowi ni polisi. Bahati ilimkutanisha na Julio César La Cruz wa Cuba, ambaye baadaye alitwaa dhahabu, akashindwa kwa pointi. Magazeti yaliandika kushindwa kwake na kuishia hapo. Mimi niliona jambo jingine: Mkenya wa uzani wa juu alikwenda mpaka Olimpiki, akapambana na bora wa dunia kwa raundi tatu, akateremka ulingoni kwa miguu yake, na kazi yake nyumbani ilikuwa bado inamngoja. Kijana wangu alipoambiwa hivyo alisema, kwa dharau ya umri wake, kwamba polisi halipwi milioni. Ni kweli. Wala mabondia wengi wa malipo hawalipwi milioni. Wanaolipwa ndio tunaowaona kwenye televisheni, na wale wengine hatuwaoni kwa sababu hiyo hiyo.

Kenya imepata medali saba za ndondi katika Olimpiki: ya Philip Waruinge mwaka 1968, tatu za Munich mwaka 1972, ya Ibrahim Bilali mwaka 1984, kisha za Wangila na Chris Sande mwaka 1988. Hakuna hata moja ya uzani wa juu, na tangu Seoul hatujapata nyingine ya uzani wowote. Waruinge alikuwa fundi wa ajabu. Mexico alipata shaba tu, lakini alipewa Kombe la Val Barker, ambalo hutolewa kwa bondia mwenye ustadi kuliko wote katika michezo hiyo. Wote hawa walilelewa na ndondi za ridhaa, katika klabu na vikosi, kwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuwalipa. Anayemwambia kijana wa kidato cha tatu aruke hatua hiyo anamwambia afanye jambo ambalo hata Waruinge hakulifanya.

Ninaposema haya wako wenzangu wanaonijibu kwamba njia rahisi ni kuwakataza wanafunzi ndondi kabisa. Sikubaliani nao. Kijana aliyekatazwa huenda kujifunza gizani, na gizani ndiko karatasi za miaka saba zinakotiwa sahihi. Katika shule nyingi nizijuazo tuna mpira, voliboli na riadha; ndondi haimo, na mwanafunzi mwenye kipaji hicho hana mwalimu wa kumwuliza neno. Mwalimu wa michezo si lazima ajue kurusha konde la kushoto. Inatosha ajue kusoma mkataba, ajue klabu ya ridhaa iliyo karibu na yenye kuandikishwa, na ajue kwamba mtu aliyepigwa akazimia hapaswi kurudi ulingoni wiki ile ile kwa sababu eti amesema hajambo. Kijana wetu sasa anajiandaa kwa mtihani, na Jumamosi bado huenda Kitengela. Tumekubaliana hivyo, yeye, baba yake nami, kwamba atapigana kwa ridhaa na hatatia sahihi karatasi yoyote kabla ya kumaliza shule.

Lakini mwalimu mmoja hawezi kuwasomea mikataba vijana wote wa Kajiado. Wanaosimamia ndondi za malipo nchini waandae mkataba mmoja wa mfano, na pambano lolote la bondia anayeanza lisiruhusiwe bila huo. Muda wake uwe mfupi, kijana apewe haki ya kuuvunja kama meneja alivyopewa, na sehemu ya kila pato iwekwe akiba. Uandikwe kwa Kiswahili chepesi, ili mzee asiyejua kusoma aweze kusomewa na mtoto wa darasa la tano na aelewe kila neno, na kipengele cha matibabu kiwekwe juu kabisa, kabla ya kile cha mgao wa fedha.